Jina la Marseli kwenye Spika

Kikula, Likasi, Jumapili baada ya misa

Yaya Feliste, dada yangu mkubwa,

Nakupigia magoti kutoka huku mbali. Mguu wa mama unaendeleaje? Bado anauloweka kwenye maji ya chumvi huku akimgombeza paka? Sisi tuko hai. Divine ameng'oka meno ya mbele, naye hucheka akiwa amefunika mdomo, kama marehemu baba yake.

Unaikumbuka programu aliyoiacha mume wangu Marseli, ile ya kupangia spika zenye amplifaya ndani. Inagawa sauti: nzito iende kwenye spika kubwa, nyembamba kwenye ndogo, na moja icheleweshwe kidogo ili zote zifike sikioni pamoja. Alipokuwa anaiandika, mimi ndiye niliyepiga makofi mbele ya mikrofoni ili apime chumba. "Tena," alikuwa akisema, "lakini bila kucheka." Sasa naiendeleza peke yangu, Divine akiwa shuleni. Napiga makofi na kusoma kipimo mwenyewe.

Bosko, aliyekuwa mshirika wake, aliikopi programu hiyo siku tuliyorudi kutoka makaburini. Akafuta jina la Marseli lililokuwa likitokea ikifunguliwa, akaweka lake. Nilimwomba alirudishe. Akacheka: "Mama Divine, muntu ya kufa iko na kazi gani na jina?"

Yaya, maneno hayo yamelala kitandani mwangu, upande wa Marseli.

Kisha shemeji yangu mkubwa, bila kuniuliza, akamwita Bosko alete spika siku ya kufunga matanga. Ningeweza kukataa. Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeziona boksi zake mpya za spika. Alizijenga kubwa zaidi, akaweka spika za aina nyingine, lakini vipimo akavikopi vilevile vya boksi za Marseli. Ni sawa na kuvaa miwani ya jirani. Niliisubiri siku ile kama mtoto anavyosubiri Noeli.

Shemeji alipoanza kuomba, sauti ikatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Wamama wa kwaya wakasukumana viwiko.

"We Bosko, huyu iko anaomba ao iko anakohoa?"

Bosko akahangaika na vifungo mpaka shati likalowa. Mwishowe akanijia pale mkekani.

"Mama Divine, unisaidie. Watu banacheka miye."

"Programu si ni yako?"

"Pardon, bibi ya rafiki yangu."

"Nitakusaidia. Halafu utasema mbele ya watu nani aliitengeneza."

Akatazama chini, akakubali.

Nilipiga makofi mbele ya mikrofoni, nikapima upya boksi zake. Nilijua atanong'ona tu, kwa hiyo nikapandisha zile sauti za kati zinazobeba maneno ya mtu.

Kweli akainamisha kichwa, akanong'ona: "Programu hii aliandika Marseli. Miye nilifuta jina yake."

Kila neno lilitoka safi. Muuza mikate ng'ambo ya barabara alisimama: "Alifuta?"

Shemeji anasema sasa nimsamehe. Bado. Jana Bosko alikuja kuniomba nimpimie boksi zilizobaki. Nimemwambia nitapima akirudia maneno yale kwenye sherehe ya parokia, ambako watu ni wengi zaidi.

Nisalimie mjomba wetu mchonga vitanda, na mke wa mdogo wetu anayenyonyesha. Mama mwambie usingizi umeanza kunirudia.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Divine