Salamu Mbele ya Kamera

Dzamandzar, Juni 2009

Dada Charifa,

Mimi mzima, na tumbo langu limenawiri kuliko mimi.

Juzi alinijia binti mwenye kamera. Alisema kituo cha sanaa huko kwenu Mahajanga kina tamasha la filamu za watu wanaojisemea wenyewe, naye anahoji wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha sukari. Nikajipaka manukato, nikakaa kama waziri. Kamera ilipowaka, akanisalimu Kingazija: "Kwezi!" Nami, juha wako, nikaitika, "Mbona!" kama mzee yeyote wa Moroni.

Wajua hapa naitwa Jaozafy, Msakalava, Mmalagasi halisi. Tangu Wangazija walipouawa huko Mahajanga, miaka thelathini na miwili sasa, sijaitikia salamu ile mbele ya mtu. Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Umesema nini?"

"Nimekohoa."

"Kikohozi gani hicho chenye adabu?"

Sasa nakuuliza kwa upole: binti alijuaje salamu ya kunitegea? Anayejua kuwa mimi ni Mbaé ni wewe peke yako. Ulimnong'oneza nini, dada?

Nilitaka uwaombe wakate kipande hicho, lakini nimechelewa. Wifi yako ameshafunga mzigo, anakuja kuitazama filamu Ijumaa, na atafikia kwa huyo "rafiki wa zamani wa Jaozafy", yaani wewe. Akikuuliza mimi ni mtoto wa nani, mwambie. Nimejaribu tangu Jumamosi, na kila mara naishia kumsifia mchuzi.

Nduguyo,
Mbaé