Gunia la Kadi Zilizokataliwa

(Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la Kamina, la miaka ya Zaire. Nimeongeza maneno machache kwa ajili ya wasomaji wasioijua nchi ile. Mengine yote ni kama nilivyoyaandika.)

Jumanne, saa tisa na nusu alasiri. Mvua ilianza alfajiri na imekatika sasa hivi. Barabara ya stesheni ni tope jekundu tupu. 

Mwalimu Numbi ameuawa. Nimeiweka sentensi hiyo hapa juu ili nisiizunguke.

Nianze na Jumapili. Tulikuwa tunamchagua kamishina wa watu, yaani mbunge wa zoni, wilaya yetu. Chama ni kimoja, lakini wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni kamishina aliyepo, anayetaka kurudi kitini. Wa pili ni karani mstaafu wa reli. Hakuna aliyemhofia karani huyo mpaka watu walipoanza kumsindikiza kwa miguu hadi kwake kila alipomaliza kuhutubia.

Kura zilipigwa hivi. Kila mtu alipewa kadi mbili, ya njano ya kamishina na ya buluu ya karani, pamoja na bahasha. Aliingia nyuma ya pazia, akatia kwenye bahasha kadi anayoitaka, na ile anayoikataa akaitupa ndani ya gunia lililokuwa humo. Kisha alitoka na kuitumbukiza bahasha sandukuni mbele ya wote. Jioni sanduku lihesabiwe, gunia lichomwe. Sote tuliliona gunia kuwa takataka.

Mimi nilikuwa katika shule ya msingi iliyo karibu na karakana za reli. Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu Numbi, mtu mwembamba aliyehesabu kila kitu mara mbili, hata chaki. Mama Ngoie, muuza samaki wakavu wa Kinkondja pale sokoni, alikaa kando ya pazia akiruhusu watu kuingia mmoja mmoja.

Saa tisa lilifika lori la vijana wa chama. Walikuwa ishirini na wawili, wakiongozwa na Kabange, mwenye shati la kijani la brigedi. Walishuka na minyororo ya baiskeli na nondo za karakana. Walianza na foleni. Mzee mmoja aliyeshika kinga yake, ndivyo tunavyoita baiskeli huku, alipigwa mdomoni akaendelea kuishika, damu ikimwagika juu ya usukani. Mwanamke mjamzito aliangushwa na kukanyagwa. Kelele zilikwisha upesi, kwa sababu wenye miguu walikuwa wamekimbia.

Kabange aliweka hati ya matokeo mbele ya Mwalimu. Ilikuwa tupu. Alimwambia aitie sahihi.

"Sijahesabu," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, weye unapenda hesabu," Kabange akasema. "Basi hesabu hii."

Walimbana mkono wa kulia juu ya meza na kuvunja vidole kwa nondo, kimoja kimoja. Kwenye kidole cha tatu bado alikuwa anasema hajahesabu. Walibeba sanduku hadi uwanjani, wakalimwagia petroli na kulichoma.

Nilisimama ukutani na kadi yangu ya mwandishi wa habari shingoni. Nilihesabu mapigo, nikaandika idadi. Sikusogea.

Kijana mmoja alivuta pazia. Mama Ngoie alikuwa amejificha humo, amekaa juu ya gunia kama mtu anayekalia mzigo wake kwenye treni.

"Chef, na hii gunia?" alimwuliza mkuu wake.

Kabange aligeuka, akamwona, akageuza uso kwenye ukuta kana kwamba amepigwa kofi. Mama Ngoie ni mama wa mke wake. Kwa Baluba, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Haingii alipokaa. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia majanini. Heshima hiyo inaitwa buko.

"Tika," alisema, yaani acha, akiuambia ukuta. "Iko bucafu tu."

"Chef anaogopa buko," mmoja akasema, wenzake wakacheka. Kabange alimpiga yule kijana ngumi ya sikio, wakapanda lori.

Jumatatu asubuhi Mama Ngoie aliniita jikoni kwake. Gunia lilikuwa kando ya mafiga.

"Citoyen Journaliste," aliniita, yaani mwananchi mwandishi, "ukikuta nyumba bantu banakwisha kula samaki, utajuaje banakula ngapi?"

Nilimwambia sijui.

"Unahesabu bichwa, baba. Bichwa habidanganye."

Ilinichukua muda kuelewa, na ninaona haya kuandika hivyo baada ya miaka kumi na tisa ya kazi hii. Kila mtu alikuwa na kadi mbili. Aliyeitupa ya njano aliichagua ya buluu. Sanduku lilikuwa limeungua, lakini kura zote za kituo zilikuwa humu ndani, zimegeuzwa tu kinyume. Tulimwaga gunia juu ya mkeka, tukahesabu mara mbili. Zilizokataliwa za kamishina: mia tatu na kumi na nane. Za karani: arobaini na saba, na hizo ndizo kura pekee alizopata kamishina.

Tulizipeleka hospitali. Mwalimu alikuwa kitanda cha mwisho wadini, mkono umefungwa mnene kama mtungi. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Kabange alikuwa amemtumia salamu: saa tisa wataleta hati iliyokwisha kujazwa, na asipoitia sahihi hatatoka kitandani humo.

Hakuiamini hesabu yetu. Alitaka kuhesabu mwenyewe. Alizipanga kadi juu ya shuka kwa mkono wa kushoto, kumi kumi, na kila alipokosea alianza upya. Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kupiga kite wakawa wanamtazama. Kisha akaandika hati tatu, kama kanuni inavyodai, kwa herufi za mtoto wa mwaka wa kwanza, akazitia sahihi.

"Sasa bakuye," alisema. "Batakuta nimekwisha kazi."

Halafu aliniomba nipeleke hati moja ofisi ya zoni, hapo hapo, kabla ya saa tisa.

Nilimjibu kwamba mwandishi habebi hati, anaandika juu yake. Ni kanuni yangu ya siku zote, na imenitunza hai. Hakunilaumu. Aliweka moja chini ya mto, mbili akampa Mama Ngoie azifunge ndani ya kitenge.

Nilikwenda kula. Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Nilimaliza sahani.

Mama Ngoie alibaki kando ya kitanda. Alijua Kabange hawezi kuingia alipo yeye, na hapo hakukosea. Kabange alisimama getini hakuingia. Alituma vijana wanne wa kutoka kambi ya jeshi, watoto wa askari waliozaliwa mbali, wengine hata Kiluba hawakisikii. Hawana mkwe Kamina. Buko kwao si kitu.

Nilirudi saa tisa na dakika kumi, na yalikuwa yamekwisha. Yafuatayo nimeyapata kwa muuguzi mmoja na wagonjwa watatu, kila mmoja peke yake, na hayapingani. Vijana walimpa Mwalimu hati yao. Yeye aliwaonyesha ya kwake. Mmoja aliisoma kwa sauti, alipofika kwenye arobaini na saba akacheka. Mwingine aling'oa chuma cha kutundikia chupa ya maji ya mshipa, akampiga nacho kichwani. Mama Ngoie alijilaza juu yake. Walimvuta kwa nywele, wakamvunja mfupa wa bega na meno mawili, kisha wakarudi kwa Mwalimu. Mapigo matatu zaidi. Hati waliichana vipande, wakaviacha juu ya kifua chake. Hawakumpekua Mama, kwa kuwa hawakujua kama ziko nyingine.

Kama ningeibeba ile karatasi, labda wangekuja vile vile. Labda. Nimeliandika neno hilo mara mbili nikalifuta, nikaliandika tena.

Leo asubuhi nilikuwa nyumbani kwa Mama Ngoie, namwuliza maswali na yeye anajibu kupitia mapengo, mkono umefungwa kifuani. Tulisikia watu wananyamaza nje. Kabange alikuwa amesimama uani kwenye mvua, kichwa wazi, ameipa nyumba mgongo. Mkononi alishika kuku mweupe.

"Mama mukwe anapigwa kwa jina yangu," alisema kwa sauti, akiiambia barabara. "Ninaleta malipo ya buko."

Mwili wa Mwalimu ulikuwa umelazwa mtaa wa pili kutoka pale.

"Na kwa Mwalimu unapeleka kuku ya rangi gani?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye ua wa jirani.

Kwa mila, aliyekosewa ndiye anayetaja faini, na hawezi kumwambia mkwe wake ana kwa ana. Lazima mtu wa tatu awe katikati. Mama Ngoie alifungua kitenge kwa mkono mzima, akatoa hati moja.

"Kuku arudi naye. Minyi nataka apeleke hii kwa zoni. Na mikono yake. Bagonge kashe juu." Kashe ni mhuri. Alipumzika kidogo, maana kila neno lilimuuma. "Kama anakataa, bibi yake anarudi hapa leo, na batoto bote." Bibi hapa ni mke, yaani binti yake mwenyewe.

Alinipa mimi ile karatasi. Mle ndani hamkuwa na mtu mzima mwingine.

Niliitazama kanuni yangu. Kisha nikatoka nayo mvuani, hatua kama kumi. Kabange alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Iko nini?"

Nilimweleza ni nini, na idadi zilizomo.

Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni. "Bataniua na hii," alisema.

"Naam," nilimjibu, kwa sababu ni kweli.

Sauti ya Mama Ngoie ilitoka ndani, hafifu. Hakuwa anasema naye. "Weye kuku, ambia ule anakubeba: Mwalimu naye alijua vile."

Kuna waliocheka kwenye ua, kicheko kifupi. Kabange alimweka kuku chini, akaitia hati ndani ya shati, akaenda. Nilimfuata kwa umbali wa hatua hamsini. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Katika ofisi ya zoni karani wa mapokezi aliinua macho, akaona shati la kijani na kiongozi wa brigedi. Hakusoma hata mstari mmoja. Kitu anachokileta Kabange kimetoka kwa kamishina, hilo kila mfanyakazi wa ofisi ile analijua. Aligonga mhuri, akaiandika katika kitabu cha hati zilizopokelewa, akaifungia kabatini. Nilichungulia dirishani nikayaona yote matatu.

Kabange alitoka, akatapika mtaroni, akajifuta kwa mkono wa shati. Nyumba ya kamishina iko kulia. Yeye alishika kushoto, kuelekea stesheni, na sikumfuata tena.

Niliingia kumwuliza yule karani wa mapokezi kama hati iliyochelewa inaweza kubadili kitu. Alinitazama kwa huruma. Matokeo yalikwisha kupelekwa Lubumbashi kwa simu Jumapili jioni, hati yenye sahihi ilisubiriwa kwa ajili ya faili tu. Kamishina anarudi kitini, kwa kishindo.

Nilirudi kumwambia Mama Ngoie. Nilimweleza polepole, kama mtu anayepeleka habari ya msiba wa pili.

"Minyi sikuuliza kama itageuza," alisema. "Niliuliza: iliingia?"

"Iliingia, Mama."

"Na kashe?"

"Na kashe."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kuinuka. Akatoa hati ya tatu kutoka kwenye kitenge, akaisukuma juu ya mkeka mpaka ikagusa goti langu.

Ninayo hapa mezani. Ina tone moja la damu pembeni, ya nani sijui. Herufi zimelala upande, lakini kila tarakimu inasomeka.

Mhariri wangu wa Lubumbashi ni mtu mwema mwenye watoto saba. Ataniomba niseme "alifariki". Ataniomba niache idadi. Huenda akakata simu nikiwa katikati, na huenda aliye kwenye laini pamoja nasi akaandika jina langu. Hayo nayajua. Sijui kama nitayatamka yote. Sijawahi kuripoti kifo ambacho ningeweza kukichelewesha kwa kutembea dakika ishirini.

Mazishi ni kesho saa tatu, ikiwa watayaruhusu.

Chumba cha simu cha stesheni kinafungwa saa kumi na moja. Sasa ni saa kumi na robo. Navaa viatu.