Nafasi Moja Ubaoni

Jumatatu, 9 Juni
Mafumbo ishirini ya Go, huu mchezo wa kete wa kuzingira ubao, kabla ya chai, kama kila siku. Nimekosea saba. Saba! Zimebaki siku tatu na bado nakosea kama mtu aliyeshika kete jana. Mashindano ni ya kimataifa, ya wachezaji wa kulipwa. Mimi nimealikwa kwa sababu ni Mtanzania na nasoma hapa Guangzhou. Pambo tu. Nikishinda mechi ya kwanza naingia hatua kuu, na hakuna atakayeniita pambo.

Jumanne, 10 Juni
Siku imeharibika. Dada Rukia, mfanyabiashara wa Mombasa, kaniburuta hadi soko la Shiling nikamtafsirie kwenye maduka ya mikoba. Ningekataaje? Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege wa Baiyun nilipofika. Na kazi yenyewe kaifanya mwenyewe: "Laoban, tai gui bwana, punguza!" Yaani bosi, ghali mno. Nimerudi kichwa kinaniuma. Fumbo hata moja sijagusa.

Jumatano, 11 Juni
Mwalimu Kessy kapiga simu kutoka Morogoro. Anafundisha hesabu, Go alifunzwa na Mjapani aliyejitolea shuleni kwao, naye akanifunza mimi. Kesho klabu nzima ya watoto itanitazama kwenye simu yake. Nani kamwomba? Nimekasirika, halafu nikaona aibu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeshindwa kwa nusu pointi.

Nilikuwa mbele. Kwa saa nne nilimbana mpinzani wangu, Mkorea, mpaka akaanza kung'ata kucha. Ubao ukajaa, ikabaki nafasi moja tupu mpakani mwa maeneo yetu, isiyo ya mtu. Zamu yangu. Kwa hesabu ya Kijapani nafasi ile haina thamani, unaiacha. Kwa hesabu ya hapa China, kila kete iliyobaki ubaoni ni pointi. Ningeijaza, ningeshinda. Nikaachia zamu ipite. Akanitazama, akaweka kete yake pale, taratibu. Basi.

Mwalimu ndiye aliyenizoesha hivi! Miaka minane! Nina hasira naye.

Ijumaa, 13 Juni
Mvua. Sikutoka. Simu sita za Mwalimu, sijapokea.

Jumamosi, 14 Juni
Nimempigia. Nimemweleza ile nafasi. Akasema kosa ni lake, nimsamehe, Jumatatu ataanza kuwafundisha watoto upya. Alisema polepole, kama mgonjwa.

Hesabu ya hapa naijua tangu mwaka wangu wa kwanza. Nimeichezea mara mia. Nilimwacha aombe radhi mpaka akamaliza, nikamwambia hamna neno, Mwalimu.