Mjane wa Kwenye Filamu

Jumapili, Tegeta

Masaa matatu mazima! Majumba ya dhahabu, maua kila kona, halafu shujaa kapigwa risasi ya kifua na bado anamaliza wimbo. Mie nimechukia. Nilimwekea Mama filamu hii ya Kihindi imliwaze, maana yuko eda tangu Baba afariki, hatoki nje.

Wiki moja tu baada ya shujaa kuzikwa, mjane wake akavaa nyekundu, akacheza mlimani.

"Wee! Mume hajafika hata arobaini!" Mama akaifokea TV. "Eda yako anakukalia nani?"

Kisha akasema polepole, "Baba yako angekuwa keshalala wimbo wa kwanza, anakoroma."

Tukacheka mpaka machozi. Ndiyo mara ya kwanza Mama kucheka tangu tumzike Baba. Kesho namtafutia nyingine, mbovu zaidi.