Wimbo Uliozaliwa Kwenye Majamvi ya Karafuu

Dada Rukia mpenzi,

Sijamwambia mtu mwingine: nimetunga wimbo wa harusi yako, na nataka kuuimba mwenyewe mbele za watu. Mimi, niliyekuwa nikijificha chooni kila ilipofika zamu yangu ya kughani shuleni!

Umeanzia uani kwa Bibi, hapa Pujini. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, nasi tunazigeuza kwa miguu mitupu. Nilikuwa na haraka, Bibi akanicheka: "We mwana, warukaruka kama mwenye siafu! Vuta mguu vino, pole pole." Nikamfuata nyuma, nikisikiliza karafuu zikichakarika, mpaka maneno yakaanza kunijia yenyewe. Nikayaimba kwa sauti ndogo. Bibi hakugeuka, ila akaniitikia kwa kiitikio alichokuwa akimwitikia mama yake uani hapa hapa.

Siku yako nitavua viatu, nivute mguu vivyo hivyo. Bibi anakusalimu na kukuombea kheri, nami nimekukumbuka mno.

Tafadhali usimwambie mtu, hata Mama. Wakijua watanisubiri, na wakinisubiri nitajificha tena.

Mdogo wako,
Zuleikha