Kalori za Mama

Adwapa, mihogo ya fufu ya jioni nimeshaimenya, iko kwenye maji.

Jana ulipotoka kukimbia ulisema, "Mama, na wewe fanya mazoezi, unakaa tu nyumbani." Niliumia. Leo alfajiri nilivaa saa yako ya kuhesabu kalori, nikachota maji, nikafua, nikatwanga fufu ya mchana. Baba yako akaisoma: kalori mia sita. Mbio zako zilikuwa mia tatu.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema taratibu, "Mama Adwapa, miaka ishirini na mbili sijakuuliza hata siku moja kama umechoka."

Nikamjibu kwamba nimechoka.

~~Nitarudi jioni kupika.~~ Niko kwa dada yangu kule Mampong mpaka Jumapili. Baba yako atatwanga, wewe utageuza fufu kinuni. Chunga vidole, mwanangu, bado hajauzoea mchi.

Mama