Siku Niliyojiweka Benchi

Ijumaa, Novemba 2013. Al Mansoura, Doha.

Leo kuna upepo mzuri, ule wa kumwezesha mtu kusimama nje bila shati kumganda mgongoni. Joto limetuachia hatimaye. Nimekaa kitandani na simu yangu, na miguu haiumi hata kidogo. Ijumaa saa kama hii huwa natembea humu chumbani nikishika ukuta, wenzangu wakinicheka.

Miguu haiumi kwa sababu leo sikucheza.

Ngoja nianze mwanzo, maana mwenyewe bado siamini.

Timu yetu ya walinzi niliianzisha mimi. Huu mwaka wa sita nacheza kiungo wa kati, namba nane mgongoni, utepe wa nahodha mkononi. Kocha wetu aliporudi Kenya mwezi wa sita, ukocha nao ukaniangukia. Kwa hiyo kila Alhamisi jioni mimi ndiye naandika majina kumi na moja na kuyabandika kwenye friji. Jina la kwanza huwa langu. Kazini kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda: aliyekaa sana ndiye anayechagua lindo. Lenye kiyoyozi ni la mkongwe, la juani ni la aliyefika jana. Desturi hiyo tuliibeba tukaipeleka uwanjani, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Nina miaka thelathini na tisa. Hilo pia hakuna aliyewahi kuuliza.

Halafu kuna Swaibu. Ni Mganda, ni mlinzi katika hoteli moja kule Al Sadd, alijiunga nasi mwezi wa nne. Ana miaka ishirini na sita, na ni kiungo kama mimi. Mpira ukifika mguuni mwake unatulia, wangu siku hizi unaruka kama umegusa moto. Nimemweka benchi tangu nishike ukocha. Nikimwambia asubiri zamu yake anajibu, "Sawa afande," bila kinyongo, na hapo ndipo anaponichoma. Angenuna kidogo ningelala vizuri.

Leo ilikuwa fainali. Na fainali hii nilikuwa nimemwahidi binti yangu Nekesa, aliye Bungoma na mama yake. Ana miaka tisa. Kila Ijumaa nikipiga simu swali lake la kwanza ni hilo hilo, "Baba, umefunga?" Salamu zinakuja baadaye, zikija. Nilimwapia kwamba fainali nitafunga, tena kwa kichwa.

Sasa ingia Witold.

Witold ni Mpolandi wa miaka sitini hivi, anaishi kwenye nyumba ninazolinda. Anafundisha timu ya vijana hapa mjini. Kila jioni akirudi anasimama dirishani pa kibanda changu, tunapiga soga za mpira mpaka chakula chake kinapoa. Maisha yake nimeyashika kichwani kuliko yangu. Alizaliwa mji wa wachimba makaa ya mawe, akaanza kucheza kiungo akiwa na miaka kumi na saba, akaenda Ujerumani daraja la pili, goti likamharibikia, akaenda Ugiriki akicheza kwa sindano za kutuliza maumivu, kisha akarudi kwao. Ukocha ndio umemtembeza. Amefukuzwa mara nne, na anahesabu kufukuzwa huko kwa fahari utadhani ni vikombe.

Jumatano nikamwuliza, "Kocha, ulijuaje kwamba wakati wa kuacha kucheza umefika?"

Alicheka hadi akaegemea dirisha. Akasema hakujua. Akiwa na miaka thelathini na minane, klabu moja ndogo kwao ilimpa ukocha huku bado anacheza.

"Msimu mzima," akasema, "kila nilipotaka kubadilisha mchezaji niliangalia uwanja mzima, nikamtoa mwingine. Sikujitoa hata mara moja."

"Mkamaliza nafasi ya ngapi?"

"Tulishuka daraja, Kapteni."

Akaongeza kwamba benchi kulikuwa na kiungo mzuri, alichoka kungoja akaenda kuuza magari. Kisha akaniaga akaenda kula.

Jana jioni nikaandika jina langu. Nikalifuta. Nikaliandika tena, nikalifuta tena, karatasi ikatoboka. Nikachukua nyingine, na kwenye namba nane nikaandika Swaibu. Nikaibandika haraka, nikaingia bafuni nikafungulia maji. Nitasema hapa kwa kuwa wanaonisoma hawafiki kumi: nililia kidogo. Mtu mzima na ndevu zangu!

Leo saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Muaither. Tunacheza mapema ili Waislamu wetu wawahi kuoga na kwenda swala ya Ijumaa. Wapinzani walikuwa timu ya madereva, watu wa matumbo lakini wana mbio sijui wanazitoa wapi. Dakika ya kumi wakatufunga. Swaibu alichanganyikiwa, akatoa pasi tatu mfululizo kwa maadui. Otieno, kipa wetu, akaanza kupayuka kutoka golini, "Kapteni, ingia! Unangoja nini? Unangoja mazishi?"

Benchi lote likanigeukia. Nami, niseme ukweli, moyo ulifurahi. Nikasema moyoni, mnaona sasa? Nikavua patipati ya kushoto, nikavaa kiatu, nikaanza kufunga kamba. Witold alikuwa kando ya uwanja na kofia yake na kiti cha kukunja alichokuja nacho mwenyewe.

Nikiwa kwenye kamba nikainua macho, na kwa mara ya kwanza miaka yote hii nikaona mechi yetu. Siku zote huwa niko ndani nikipiga kelele nipewe mpira. Nikaona beki wao wa kushoto akipanda mbele, na akipanda harudi. Nyuma yake peupe kabisa. Akapanda tena, vile vile. Mimi nimelinda mageti miaka tisa, lindo lililoachwa nalijua nikiliona.

Kiatu cha kulia sikukivaa.

Mapumziko nikamwita Swaibu. Nikamwambia, "Achana na katikati. Kaa upande wa kulia, nyuma ya yule beki wao. Pale geti liko wazi na mlinzi ameenda chai."

Akatazama, akatabasamu. "Sawa afande."

Kipindi cha pili alipita pale mara ya kwanza, akasawazisha. Akapita tena, akamega krosi, mshambuliaji wetu akasukuma tu. Mbili moja! Nilijikuta katikati ya uwanja nikiruka, mguu mmoja kiatu cha mpira, mwingine patipati. Refa akanionyesha kadi ya njano. Kadi yangu ya kwanza msimu huu, na sijacheza.

Witold alikunja kiti chake, akaja akanipa mkono. "Mimi ilibidi nishuke daraja kwanza," akasema.

Saa nane nikapiga Bungoma, nikiogopa kuliko wakati wa fainali.

"Baba, umefunga?"

Nikamwambia sijafunga. Nikamwambia sikucheza hata dakika moja, nilimpa Swaibu namba yangu, na tumeshinda, tuna kombe. Nilisikia kuku wa mama yake wakilia nyuma huko. Nikajua sasa nimemvunja moyo mtoto wa watu.

"Sasa Ijumaa ijayo nitakuuliza nini?"

Nikakaa, nikaangalia viatu vyangu pale chini, kimoja kina vumbi na kingine kisafi.

"Niulize nimeona nini," nikamwambia.

"Haya. Umeona nini?"

Tumeongea mpaka salio likaisha.